Mabirika ya Magudju

Mutsamudu, Alhamisi, baada ya adhuhuri

Mwanangu Zaliha,

Barua kutoka Moroni ilifika. Ilifika wiki ya pili baada ya wewe kurudi kutoka mazoezi yako ya kazi. Niliipokea kwa mkono wangu, nikaisoma, nikairudisha ndani ya bahasha. Siku ile uliponiuliza kama kuna kitu posta, nilikwambia hakuna. Uliuliza tena kesho yake, na wiki iliyofuata, na miezi kadhaa baadaye, mpaka ukaacha kuuliza. Mara zote nilikwambia hakuna.

Hilo ndilo nililokuficha. Nimeliweka mwanzo kwa sababu najijua. Nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi ziishe, nawe utaondoka kesho ukiwa na barua ndefu ya mzee wako isiyosema kitu. Nimeandika barua nyingi za namna hiyo katika maisha yangu. Ilikuwa kazi yangu.

Ninaandika kidogo, ninapumzika, kisha naendelea, kwa hiyo usishangae mwandiko ukibadilika. Kutoka hapa kitandani nawasikia wewe na mama yako mdogo Hadija mkibishana uani.

"Sanduku hilo la marehemu dada yangu, liache hapo lilipo."

"Mama mdogo, sanduku halikutengenezwa litazamwe."

"Haya, lichukue. Na mlango uchukue. Na ukuta."

Unacheka. Mimi nasikiliza, na sihisi kitu. Nakwambia hivi si kwa kulalamika. Tangu moyo wangu uanze kuchoka, na tangu yule nesi aniambie kwamba nisipange mambo ya mwakani, nimekuwa kama mtu aliyelalia mkono wake ukafa ganzi. Najua mkono upo. Nauona. Labda ndiyo maana naweza kuandika haya leo. Zamani nisingeweza, ningeona aibu mno.

Sitakuambia habari za nguo, wala chakula, wala nani wa kumpelekea salamu zangu Moroni. Hayo unayajua kuliko mimi. Nataka kukuambia habari za mazoezi ya kazi, kitu ambacho watu wa mji huu hukiona kuwa kidogo. Wafaransa walikiita staji. Mwanafunzi wa madarasa ya juu huwekwa ofisini miezi mitatu, halipwi, hupewa kiti kama kipo, na mwisho huandika ripoti yake. Mkuu wake naye huandika mistari michache juu ya mwanafunzi huyo, anagonga muhuri, basi. Watu hudhani ni mchezo wa shule. Nimekaa karani mkuu wa ofisi ya ujenzi hapa Mutsamudu kwa zaidi ya miaka ishirini, na nakuambia kwamba maisha ya watu huamuliwa kwenye mistari ile. Niliiandika mimi. Mkuu alikuwa Mfaransa, na alitia sahihi bila kusoma.

Kulikuwa na kijana wa Mirontsi, Bakari, mtoto wa mchukuzi wa bandarini. Alikuja kwangu miaka kadhaa kabla ya uhuru. Wiki ya pili tu aliniambia, mbele ya watu, kwamba nimekosea kunakili vipimo vya daraja.

"Mzee, hapa pameandikwa mita nne. Ni kumi na nne. Mimi nimevuka daraja lile leo asubuhi, halikuwa mita nne."

Watu walicheka. Nami nilicheka. Alikuwa amesema kweli, na nilisahihisha. Lakini miezi mitatu ilipokwisha niliandika juu yake kwamba ni mwenye bidii na kwamba anahitaji kusimamiwa kwa karibu. Soma tena sentensi hiyo. Hakuna tusi ndani yake. Hakuna mtu anayeweza kulalamika. Lakini hakuna ofisi itakayomchukua kijana anayehitaji kusimamiwa kwa karibu, maana nani ana muda? Aliomba kazi sehemu tatu nijuazo mimi. Zote zilitaka mistari ile, na zote zilimrudisha. Leo anachukua mizigo bandarini kama baba yake, na tukikutana hunisalimu vizuri. "Kwezi, mzee," husema, na mimi hujibu "Mbona" kama mtu mzima anavyopaswa kujibu. Hajui. Nilijisamehe siku nyingi zilizopita, na hilo lilikuwa kosa kubwa kuliko lile la kwanza, kwa sababu lilinionyesha jinsi jambo lile lilivyo jepesi.

Sasa nije kwako.

Mama yako alifariki mwaka mmoja kabla ya uhuru. Unakumbuka msiba, lakini hukujua lililokuwa likisemwa chini chini. Nyumba hii ilijengwa na babu yako mzaa mama kwa ajili ya mama yako, na siku alipozikwa ikawa yako. Ndivyo ilivyo kwetu, na sina ugomvi nalo. Mwanamume wa hapa huzaliwa katika nyumba ya mama yake na huoa katika nyumba ya mke wake. Mke akifa, anabaki kama kuna binti wa kumweka, na kama hakuna anakunja kitanda chake na kurudi kwa dada zake. Nilikuwa nimeishi chini ya dari hili miaka ishirini na miwili. Nilipaka chokaa kuta zote. Milango miwili niliibadilisha mimi. Siku ya arubaini ya marehemu, mama yako mdogo Hadija aliingia chumbani kuchukua mikeka, akanitazama nilivyokaa, akasema kwa mzaha:

"Shemeji, kitanda hicho umekipigilia misumari?"

Nikamjibu, "Muulize mwenye nyumba."

Mwenye nyumba ulikuwa wewe, una miaka kumi na saba, umekaa barazani unasoma. Tulicheka sote wawili. Lakini Hadija alikuwa na binti watano katika vyumba viwili, na mimi niliirudia ile sentensi moyoni kila siku.

Basi nilikwenda Mirontsi kwa shangazi yako, kujua hali. Sikumwambia moja kwa moja. Nilimwuliza chumba cha nyuma cha marehemu mama yetu kinatumiwaje siku hizi.

"Kina mbuzi," akasema.

"Wangapi?"

"Wanne, na mmoja ana mimba. Kwa nini, kaka? Umefukuzwa?"

"Hapana. Nauliza tu."

"Ukija nitawaomba wakusogezee. Lakini sijui kama watakubali kulala na karani. Mbuzi wangu hawajui Kifaransa."

Alikuwa akitania, na angenipokea, najua. Nilirudi kwa miguu njia nzima. Nilikuwa mtu niliyesoma Unguja, niliyejifunza Kifaransa ukubwani kwa taa ya mafuta, mtu ambaye wakuu wa wilaya walimpelekea barua azinyooshe, na nilikuwa nafikiri juu ya mbuzi.

Uhuru ukaja. Wewe ulipiga kelele sana siku ile, ulirudi nyumbani huna sauti. Kabla mwaka haujaisha Wafaransa wakaondoka, na waliondoka kweli, na kalamu zao na mashine zao za kuchapia. Ofisi zikabaki na viti vitupu. Hapo ndipo nilipoona kwa macho yangu kile nilichokuwa nakijua kwa kuandika tu. Waliokaa kwenye viti vile walikuwa wanafunzi waliokuwa mazoezini. Hawakuwa bora. Walikuwa ndani. Rafiki yako Anfati aliwekwa ofisi ya bandari, na miezi yote mitatu alilala juu ya meza na shavu lake juu ya kitabu cha kupokelea mizigo. Lakini asubuhi ile mkuu wake alipoondoka, Anfati ndiye aliyejua funguo za kabati zinawekwa wapi. Akaajiriwa. Aliniambia mwenyewe, "Baba, sijui kazi yenyewe, ila najua kila kitu kiko wapi." Na wale waliokuwa na maksi nzuri na hawakupata pa kufanyia mazoezi walibaki nje na maksi zao.

Wewe ulipelekwa Moroni, ofisi ya maji, mwaka uliofuata. Nilikuruhusu kwa sababu ilikuwa miezi mitatu, na miezi mitatu Hadija angeweza kuvumilia. Bwana Mhadji, mkuu wa ofisi ile, nilikuwa namjua kwa barua tu. Alikupangia kazi ambayo hakuna aliyeitaka, kuhesabu mabirika ya mvua ya mtaa wa Magudju, yale matangi ya mawe yaliyochimbiwa uani kukinga maji, maana kisiwa kile cha Ngazidja hakina mto na watu wake hunywa kile ambacho mbingu imewawekea. Wenzako walibaki ofisini kuchemsha chai. Wewe uliingia ua kwa ua.

Nakala ya ripoti yako ulinionyesha siku uliyorudi. Niliisoma mara moja mbele yako, nikakwambia, "Mwandiko mzuri." Ulisimama kidogo, ukingoja labda kuna neno jingine, kisha ukaenda kuosha vyombo. Baadaye niliisoma tena mara nne. Sikukwambia. Ulikuwa umeandika kwamba wanawake wa Magudju hawahesabu maji kwa ndoo bali kwa mafundo ya kamba iteremshwayo ndani ya birika, na kwamba kila nyumba ina fundo moja ambalo maji yakishuka chini yake hakuna anayeruhusiwa kuoga, ila kupika na kutawadha tu. Ulipima mafundo yale. Kwa hayo uliweza kusema ni nyumba zipi zitakauka kwanza mvua ikichelewa, na ni birika lipi limepasuka chini ingawa mwenyewe analaumu jirani. Uliandika habari ya kikongwe mmoja aliyekukatalia kamba yake, akakwambia kwa kuwa umetoka kisiwa hiki chetu, "Binti wa Ndzuani, nyinyi mna mto, mwacheni maskini na fundo lake," na kwamba ulirudi kwake mara tatu, na mara ya tatu akakupa kamba na ndizi. Katika miaka yangu yote ya kupokea ripoti sikuwahi kupokea kitu kama kile. Ningekwambia. Sijui kwa nini ni vigumu kwa mzee wa kwetu kumsifu mtoto wake usoni. Tunadhani watu wengine watafanya kazi hiyo.

Na kweli walifanya. Barua ya Bwana Mhadji ilisema kwamba ripoti imesomwa na wakuu wake, kwamba wataanza kukarabati mabirika kwa kufuata orodha yako, na kwamba anakutaka uanze kazi mwanzo wa mwezi, kazi ya kudumu, na mahali pa kukaa umetafutiwa kwa mjane mmoja mcha Mungu. Alimalizia kwa kuniomba mimi nikupe ruhusa, kwa adabu kabisa.

Niliiweka barua ile chini ya faili mezani kwangu ofisini. Kila nilipoinua faili ilikuwepo. Nilifikiri hivi. Ukienda, nyumba haitafungwa, nyumba haifungwi. Hadija ataingia na mumewe na binti zake, kwa haki, kuitunza mpaka utakaporudi. Na mimi siwezi kulala nyumba moja na shemeji yangu na mume wake kama mpangaji. Kwa hiyo ukipata kazi Moroni, mimi naenda Mirontsi kwa mbuzi. Nilifikiri hayo tu. Natamani ningekuambia kwamba niliogopa kwa ajili yako, msichana peke yake mji wa watu, wakati ule serikali ilipokuwa mikononi mwa vijana na kamati zao. Watu wangenielewa. Lakini sikuogopa kwa ajili yako. Nilijua utaweza.

Nilidhani kimya kitatosha. Barua hupotea, watu husahau. Lakini Bwana Mhadji hakuwa mtu wa kusahau. Baada ya wiki tatu alimtuma Hamadi, tarishi wake, yule mtu wa Itsandra mwenye kofia kubwa kuliko kichwa chake. Alikuja na meli kwa kazi nyingine, akapita ofisini kwangu.

"Kwezi, mzee."

"Mbona."

"Nimeagizwa nisirudi mikono mitupu. Bwana Mhadji anasema, kama hakuna jibu atakuja yeye mwenyewe kubisha hodi, kama mtu anayekuja kuposa."

"Ana haraka gani?"

"Mzee, Ngazidja hatuna mto. Mmetuletea binti anayejua maji yetu kuliko sisi. Tupeni huyu, na sisi tutawaachia mvua yote."

Akaketi, akaagiza chai, akaanza kuwasimulia vijana wa ofisi jinsi ulivyoshuka ndani ya birika la imamu kwa kamba kwa sababu hakuna mwanamume aliyekubali kushuka. Nilikuwa sijui habari hiyo. Vijana walicheka, nami nilitoa karatasi. Aliposhusha kikombe chake mara ya pili, jibu lilikuwa tayari, limefungwa. Mistari sita. Nilimkabidhi mkononi, na akaniaga vizuri.

Baada ya hapo unayajua, ila upande wako tu. Hospitali ilipotaka karani, walikuuliza, "Mazoezi ya kazi ulifanya wapi? Cheti kiko wapi?" Hukuwa na cheti, maana Moroni hawakukitia muhuri. Uliwaandikia, hawakujibu. Ukaniambia, "Baba, waandikie wewe, wewe wanakujua." Nikakwambia nimeandika. Sikuandika. Shule ya msingi nayo ikakuuliza vilevile, na ghala la serikali likakuuliza vilevile. Ulikuwa na miezi mitatu ya kazi ambayo hakuna aliyekubali kwamba ilikuwepo. Ukaanza kudarizi kofia. Nilikuwa nakuona barazani na sindano, nami ndani nimelala kitandani pangu, pale pale.

Mwaka uliofuata serikali ya vijana iliwaachisha kazi watumishi wote. Nilirudi nyumbani na kalamu zangu mbili. Wengine walilia. Kisha vijana wa kamati wakaja na mafaili, wakayarundika nje, wakayachoma, na wazee wenzangu walisimama kutazama kazi ya maisha yao ikigeuka majivu. Mmoja alilazimika kushikwa. Kila mtu alidhani na mimi nimesimama pale kwa huzuni. Zaliha, nilifurahi. Mtu aliyetunza karatasi maisha yake yote alisimama mbele ya karatasi zinazoungua akafurahi, kwa sababu alisikia kwamba na Moroni wanafanya hivyo hivyo. Nilisema moyoni, limekwisha, hakuna atakayejua. Hiyo ndiyo mara ya mwisho ninayokumbuka kuhisi kitu kwa nguvu.

Serikali ile nayo ikaondoka. Ofisi zimefunguliwa tena, wazee wameitwa warudi, na vijana waliowekwa na kamati wanaulizwa vyeti. Mwezi uliopita uliniambia kwamba ofisi ya wilaya imekubali kukupeleka tena Moroni, ofisi ya maji, si kwa kazi bali kwa mazoezi, miezi mitatu, bila malipo, pamoja na watoto uliowatangulia madarasa matatu. Nilikuuliza kama huoni uzito. Ukasema:

"Nitaanza upya, baba. Labda mara ile sikufanya vizuri, ila hawakutaka kuniambia."

Ulisema bila uchungu, ukiendelea kukata uzi. Umeishi zaidi ya miaka miwili ukiamini hivyo. Nilikuwa nimelala hapa hapa ninapoandikia. Nikaomba maji.

Nisingesema hata leo, pengine, kama si Hamadi. Alipita wiki mbili zilizopita kuniona, ulikuwa sokoni. Kofia ni ile ile. Bwana Mhadji amerudi kwenye kiti chake, alisema. Na mafaili ya ofisi ya maji hayakuungua. Usiku wa kuamkia siku ya kuchoma, Hamadi aliyapakia kwenye mkokoteni chini ya majani ya mgomba, akayapeleka kwake Itsandra, akayasukuma chini ya kitanda.

"Mke wangu hakunisemesha miezi mitatu, mzee. Alisema kitanda kimekuwa ofisi ya serikali, hawezi kulala na mihuri. Sasa nimeyarudisha yote. Na la binti yako limo."

Alidhani ananipa habari njema. Yeye Kifaransa hakisomi.

Kwa hiyo jambo liko hivi. Ofisi ya wilaya ilipeleka orodha ya majina tu, na Bwana Mhadji bado hajaiona, Hamadi anasema atapewa siku mtakayofika. Akiona jina lako atalifungua faili lako kabla hujakaa. Ndani yake kuna jibu langu, kwa mwandiko wangu, na atakutazama kwa macho ambayo hutayaelewa. Ungedhani tena kwamba umekosea wewe. Hilo siwezi kuliacha. Si kwamba nimekuwa mtu mwema. Ni hesabu tu ya mwisho ambayo naweza kuiona bado.

Na lazima niseme jambo jingine kwa sababu hutaliuliza. Mara hii nimekuruhusu uende bila neno, na uliwaambia majirani kwamba mzee amelainika. Sikulainika. Nyumba sasa sina haja nayo. Hadija ameshakubali nibaki mpaka mwisho, alisema jana akinilisha uji, "Kitanda chako shemeji kina misumari kweli," na akafuta kidevu changu. Alikuwa radhi tangu mwanzo, nadhani. Sikumwuliza. Ningemwuliza siku ile ya arubaini, angecheka, angenitukana kidogo, na tungepanga. Lakini mwanamume hamwombi shemeji yake mahali pa kulala, kwa hiyo nikachukua kwako bila kuomba.

Karatasi ya pili iliyomo ndani ya bahasha hii ni ya Bwana Mhadji, kwa Kifaransa, na sahihi yangu. Mpe au usimpe, ni yako. Huenda asiniamini. Mtu aliyesema uongo kwa mwandiko mzuri mara moja, kwa nini aaminiwe mara ya pili? Usitegemee karatasi yangu. Mwombe akupe kamba, na birika lolote atakalo yeye, na akusimamie ukipima. Hilo halihitaji sahihi ya mtu.

Sikuombi unisamehe. Ukitaka kurudi kunitazama kabla sijafa, njoo. Usipotaka, Hadija atakuandikia. Alasiri imeadhiniwa, na nimeacha kwa makusudi jambo moja, nimelizunguka tangu mstari wa kwanza kama nilivyosema nitafanya.

Nilijua kwamba nikiandika hutaki kazi, Bwana Mhadji angekuja kukubembeleza. Nikiandika unaolewa, angesema mume naye aje. Nilikuwa nimetumia maisha yangu kujifunza sentensi zinazofunga mlango, na nilichagua ile ambayo isingefunguka tena. Nilimwandikia kwamba kama mzazi mwaminifu siwezi kunyamaza, kwamba ripoti ya mabirika ya Magudju niliitunga mimi baba yako kwa kukuhurumia, na wewe uliinakili tu. Alinijibu kwa heshima. Alisema hataweza kukupa kazi wala cheti, na alinisifu sana kwa ripoti ile. Nilizisoma zile sifa, mwanangu, nikazisoma tena, na kwa siku chache niliziamini. Sikuandika hata neno moja la ripoti ile. Uliiandika yote wewe, na mimi nisingeweza.

Baba yako